Kabla ya Kushika Nyundo: Darasa la Uhunzi Halianzii Dukani

Leo tuiache tarakilishi ipumzike kidogo, tuzungumze habari za chuma. Wale waliokuja kutafuta mwendelezo wa makala ya hifadhidata wavumilie, itakuja.

Mambo ni haya. Mimi na wenzangu wanne, wote watu wa kuandika programu, tumepata fundi mmoja hapa Nairobi aliyekubali kutufundisha uhunzi kwa Jumamosi tatu mfululizo. Kufua chuma hasa: moto, nyundo na fuawe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufua hata msumari. Basi wiki iliyopita mwenzetu mmoja akatutumia orodha ya vitu vya kununua kabla ya siku ya kwanza. Fuawe ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Nyundo za aina tatu. Koleo za aina nne. Tanuri dogo la gesi. Vipande vya chuma cha pua vya kutengenezea visu. Chini kabisa ya barua hiyo hiyo kulikuwa na pendekezo la ada ya kumlipa fundi. Nikapiga hesabu. Orodha ile ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ada ya mwalimu, kwa Jumamosi zote tatu, sote watano tukiwa pamoja!

Maoni yangu nayasema waziwazi. Hapo maandalizi yamesimama kichwa chini, miguu juu. Mtu anayeanza kujifunza uhunzi hana haja ya kununua chombo chochote cha kufulia chuma. Anahitaji kukinga mwili wake, kuandaa mkono na jicho lake, kisha pesa zote zilizobaki ziende kwa yule anayemfundisha. Nitaeleza sababu moja baada ya nyingine.

VIFAA VIKAE DUKANI

Sisi watu wa tarakilishi tuna ugonjwa wetu. Tukitaka kujifunza lugha mpya ya programu, kwanza tunapakua kihariri kipya, tunabadilisha rangi za skrini, tunanunua kibodi. Wiki inaisha bila hata mstari mmoja wa msimbo kuandikwa. Ugonjwa huo huo sasa tunataka kuupeleka kwa fundi.

Chukua fuawe. Kazi yake ni kuwa nzito na ngumu ili nguvu ya nyundo irudi ndani ya chuma kinachofuliwa, isipotelee chini. Basi. Mafundi wengi hapa kwetu wanafulia juu ya kipande kifupi cha reli au bonge la chuma kutoka kwenye lori lililokufa, na majembe yanatoka, mashoka yanatoka, patasi zinatoka. (Tafadhali usiende kujitafutia kipande chako kando ya njia ya gari moshi. Hilo ni kosa la jinai, na darasa lako litaishia mahakamani.)

Chukua nyundo. Mtu anayeanza anatosheka na nyundo ya gramu 800 hadi kilo moja. Nyundo nzito haimfanyi mtu awe na nguvu, inamchosha mapema, na mkono uliochoka hukosa shabaha. Tena urefu na unene wa mpini hutegemea kiganja chako, na hutajua unachokipenda mpaka umeshapiga siku nzima kwa nyundo ya mtu mwingine. Ukinunua leo, unanunua kwa kubahatisha.

Na visu je? Kila mtu anayesikia neno uhunzi anataka kutengeneza kisu. Kisu si kazi ya kuanzia. Chuma laini cha kawaida kina kaboni chini ya asilimia 0.25 hivi, na hata ukikizamisha majini kikiwa moto hakipati ugumu wa maana. Chuma cha kisu au cha springi ya gari, chenye kaboni karibu asilimia 0.6 na kuendelea, kinashika ugumu, lakini kinataka joto la kipimo, kupozwa kwa mafuta, kisha kurudishwa motoni kidogo ili kisivunjike kama kioo. Mtu ambaye bado hajui kuchonga ncha anaruka wapi? Ni kama mwanafunzi wa muhula wa kwanza anayetaka kuandika kompaila yake mwenyewe kabla hajajua kitanzi ni nini.

Kazi ya siku ya kwanza ni ndoano ya kutundikia sufuria, ile yenye umbo la S. Kipande cha raundi baa cha milimita 10, urefu wa sentimita 20 hivi, kinatosha. Na hapo ndani kuna mafunzo tele. Kwanza unachonga ncha: unaifanya iwe ya pembe nne, halafu unapiga zile kona iwe ya pembe nane, halafu ndipo unaizungusha iwe duara. Ukijaribu kuifanya duara tangu mwanzo, katikati ya chuma hupasuka. Sheria ndogo kama hiyo haiuzwi dukani.

Na hata ungenunua hilo tanuri la gesi, utaliwasha wapi? Wengi wetu tunakaa nyumba za kupanga. Kugonga chuma ghorofa ya nne ni kuomba barua kutoka kwa mwenye nyumba. Ukitumia makaa ndani ya chumba, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke. Mahali pa kufulia chuma ni pale penye kivuli na hewa inayopita, yaani pale kwa fundi.

VITU VYA KUNUNUA KWELI

Orodha yangu ni fupi, na yote ni ya kukinga mwili.

1. Miwani ya kukinga macho. Chuma kikipashwa moto huvaa magamba meusi, na nyundo ikishuka magamba hayo yanaruka yakiwa bado moto. Miwani ya jua haifai, itakuzuia kuona rangi ya moto. Chukua ile ya plastiki nyeupe inayofunika hadi pembeni.

2. Vizibo vya masikio. Nitarudi hapa.

3. Nguo za pamba. Jinsi kuukuu na shati la pamba la mikono mirefu. Ile jezi ya timu yako ya Uingereza iache nyumbani, kwa maana polista haiungui kama pamba, inayeyuka na kushikamana na ngozi. Suruali ishuke juu ya kiatu, isiingizwe ndani ya kiatu, la sivyo gamba la moto litatumbukia humo nawe utacheza ngoma usiyoijua.

4. Viatu vya ngozi vilivyofunika mguu wote. Si raba za kitambaa, na kandambili ndiyo kabisa. Pete, mikufu na vitambulisho vya kazi vinavyoning'inia shingoni pia viache nyumbani.

5. Maji ya kunywa, lita mbili au zaidi. Moto unakunywa na wewe.

Mbona sikutaja glavu? Kwa sababu glavu zinahadaa. Mkono wa nyundo unashika vizuri zaidi ukiwa mtupu. Kwenye mkono wa koleo unaweza kuvaa glavu ya ngozi iliyolegea, ambayo unaweza kuikung'uta ikatoka mara moja. Lakini isiwe na maji hata kidogo. Glavu iliyolowa ikishika chuma cha moto, maji yale yanageuka mvuke, na mvuke unakuchoma ukiwa umefungiwa humo humo ndani.

Jambo la kukariri kuliko yote: chuma cheusi ndicho hatari. Chuma chekundu kila mtu anakiogopa. Lakini kikishuka chini ya nyuzi 500 hivi kinaacha kung'aa, kinalala hapo chini kikiwa na sura ya chuma cha kawaida, nacho bado kinaweza kukuchubua kiganja kizima. Kwa hiyo usiokote chochote chini. Sogeza kwanza mgongo wa mkono karibu yake, bila kugusa, usikie kama kinatoa joto. Na ukiungua, weka mahali palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia, si ute wa yai. Maji.

La mwisho katika usalama, nalo ni kubwa hapa kwetu kwa kuwa vyuma vikuukuu ndivyo vya bei nafuu. Usitie motoni bomba la maji lililopakwa zinki, bati, wala kitu chochote kinachong'aa ambacho hukijui. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, joto ambalo moto wa mhunzi unalipita bila taabu. Moshi wake mweupe ukiuvuta, saa chache baadaye utashikwa na homa, baridi na maumivu ya mwili hadi udhani ni malaria. Na bomba lililozibwa pande zote mbili ni bomu. Ukiwa na shaka, muulize fundi kabla, si baada.

JICHO HALIFUNDISHWI NA VIDEO

Najua mtakachosema. "Mbona YouTube imejaa wahunzi?" Ni kweli, nami nimewatazama. Video zinafaa kwa majina ya vitu na kwa kuona mwili unavyosimama. Lakini kuna jambo moja ambalo video haiwezi kukufundisha, nalo ndilo moyo wa kazi yote: rangi.

Mhunzi hana kipimajoto. Anasoma rangi. Nyekundu iliyofifia, kama nyuzi 600, ni baridi mno kwa kazi nzito. Nyekundu iliyokolea iko karibu na 750. Rangi ya chungwa, 900 na kitu, hapo chuma kimelainika. Manjano, karibu 1,100, kinakwenda kama udongo wa mfinyanzi. Kikifika kwenye weupe na kuanza kurusha cheche kama fataki, basi kinaungua, na hapo hakuna wa kukiokoa.

Sasa kamera hufanya nini? Inajirekebisha yenyewe. Ikiona kitu kinachong'aa inapunguza mwanga, inabadilisha rangi, na chungwa linatokea skrini kwako likiwa manjano au jeupe kabisa. Sisi tunaoandika programu za picha tunalijua hili kuliko mtu mwingine yeyote, halafu tunaketi mbele ya video tukidhani tunajifunza joto!

Jicho linaandaliwa kwa kusimama kando ya moto wa kweli na kutazama. Kuna hila moja ya kukusaidia: sumaku. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi kinaacha kuvutwa na sumaku. Ukiining'iniza kwenye waya na kugusisha kidogo, utajua umepita kiwango hicho, nawe utaikariri rangi iliyokuwapo wakati huo. Ni kama kuweka alama kwenye msimbo ili ujue programu imefika wapi.

Hapo ndipo nimegundua kitu kilichonifurahisha. Tunawaita mafundi hawa jua kali, kwa sababu wanafanya kazi nje chini ya jua. Lakini mfua chuma analikimbia jua! Kwenye mwanga mkali, chuma kilichofika nyekundu kinaonekana cheusi, hivyo fundi hawezi kusoma joto, na atakipiga kikiwa baridi au atakiunguza. Kivuli kwake si starehe, ni chombo cha kazi kama nyundo ilivyo. Mwaka 1985 Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, na vibanda vya kufanyia kazi vikaanza kujengwa, wengi waliona ni huruma ya kuwakinga na jua. Kwa mtu wa moto, paa ni sehemu ya mtambo.

MKONO NAO

Tufanye hesabu ndogo. Chuma chembamba cha milimita 10 kikitoka motoni kinakupa sekunde chache tu kabla hakijapoa. Tuseme unapiga mapigo 15, unakirudisha. Ukikirudisha mara 40 kwa siku, hayo ni mapigo 600. Kila pigo unainua karibu kilo moja. Kwa mtu ambaye zoezi lake la kila siku ni kusogeza kipanya, hayo si mchezo.

Kwa hiyo, wiki mbili kabla ya darasa, zoezi lipo na ni la bure. Chukua kipande cha ubao na nyundo ya kawaida ya nyumbani, chora nukta, kisha piga juu ya nukta ile ile mara 50, polepole, bila kubana mpini. Nyundo ianguke kwa uzito wake, wewe uiongoze tu. Kiwiko kikae karibu na ubavu. Uso wa nyundo ukitua bapa, ubao hupata alama ya duara kamili. Ukitua upande, alama inakuwa kama mwezi mwandamo. Zikitoka alama za mwezi, endelea. Hakuna kingine cha kufanyia mazoezi nyumbani. (Majirani wakilalamika, waambie wiki mbili si nyingi :-)

Kuhusu makosa, chuma kina tabia ambayo itawashangaza wenzangu. Hakina Ctrl+Z, ila kinasamehe kuliko mbao. Fundi wa mbao akikata fupi, amekata. Mhunzi akipinda vibaya, anarudisha motoni na kunyoosha. Kinachoadhibiwa ni mambo mawili: kukipiga kikiwa kimepoa, kwa sababu kinapasuka, na kukisahau motoni, kwa sababu kinaungua. Yote mawili ni dhambi za mtu asiyetazama. Simu basi iwekwe mbali. Si kwa adabu tu. Ukigeuka kusoma ujumbe mmoja, kazi yako imekwisha.

SASA TUJE KWENYE PESA

Hapa ndipo nataka tuzungumze kwa uzito. Ada iliyopendekezwa kwenye orodha yetu haikutoka kwa fundi. Ilitoka kwetu, kwa kukisia. Mmoja akasema "yule mzee atafurahi tu kupata wanafunzi." Mwingine akasema tuanze na bei ya chini kwa sababu lazima atapandisha.

Hebu tutazame Jumamosi ya fundi. Jumamosi ni siku ya soko. Watu hawako kazini, wanakuja kununua. Fundi akisimama nasi siku nzima, hatafua jembe hata moja la kuuza. Moto wetu unakula makaa yake, mikono yetu inaharibu chuma chake. Na kuna mtu ambaye hayumo kabisa katika hesabu zetu: mwanagenzi. Kijana huyu, mwenye umri wa miaka 19 hivi, anajifunza kwa kuvukuta moto na kupiga nyundo kubwa fundi anapomwelekeza. Sisi watano tukisimama kwenye ile fuawe, yeye hasimami. Jumamosi tatu za masomo yake zinakuwa zetu, naye tunamtuma akatununulie soda.

Kwa hiyo nimewaandikia wenzangu hivi. Kwanza, tumuulize Mzee, kwa heshima, Jumamosi nzuri humletea kiasi gani. Hicho ndicho kiwango cha chini, siyo cha juu. Pili, tuongeze makaa na chuma tutakachokiharibu. Tatu, tuongeze malipo ya siku ya mwanagenzi, tena tumwombe fundi awe mwanafunzi wa sita, apewe zamu kwenye fuawe sawa na sisi. Nne, juu ya hayo yote, tulipe mafunzo yenyewe. Sisi tukiitwa kufundisha kampuni jinsi ya kutumia programu, hatutozi bei ya kazi ya kawaida. Tunatoza zaidi, kwa sababu tunamwachia mtu ujuzi. Kozi za mtandaoni tunalipa kwa dola, bei iliyoandikwa, bila hata kunong'ona. Tukifika kwa fundi tunavutana juu ya shilingi mia mbili. Kwa nini?

Jibu langu si zuri. Ni kwa sababu hatuamini kwamba anachokijua ni elimu. Sikiliza jinsi tunavyozungumza ofisini. Msimbo ukiwa mbovu, umeungwaungwa, tunasema "hii ni jua kali." Jiko likivuja majivu mteja analirudisha jioni hiyo hiyo na fundi analitengeneza mbele ya macho yake. Programu zetu zikianguka tunamwambia mteja asubiri toleo lijalo. Nani kati yetu amtukane mwenzake?

Dharau hii haikuanza leo. Wahunzi katika nchi hii wamekuwa watu wa kuhitajiwa na kutengwa kwa pamoja. Wamaasai walipata mikuki na sime zao kutoka kwa il-kunono, wahunzi wao, lakini hawakutaka kuoana nao. Silaha zao walizitaka, binti zao hapana. Kwa Wakikuyu laana ya mhunzi iliogopwa kuliko laana nyingi nyingine. Jomo Kenyatta alipoandika kuhusu kazi za Wakikuyu katika kitabu chake Facing Mount Kenya, mwaka 1938, ufuaji chuma aliupa nafasi yake pamoja na ujenzi na ufinyanzi, kama elimu kamili ya watu kamili.

Na hata wataalamu wa uchumi walishalisema zamani. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ndiyo iliyosambaza lile neno "sekta isiyo rasmi", na ilisema wazi kwamba kazi hizi zinazalisha na zina faida, ingawa zilikuwa zikisumbuliwa na wakuu badala ya kusaidiwa. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa kuendeleza biashara ndogo na jua kali. Lile jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea kutoka miaka ya 1980, ganda lake la bati lilitengenezwa na mafundi hawa hawa, na limepunguza makaa katika majiko ya watu wengi kuliko programu yoyote niliyowahi kuandika. Leo kuna mitihani ya ufundi ya NITA, na upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila kupitia chuoni. Kama serikali imekubali kwamba huyu ni mtu mwenye elimu, sisi wenye digrii tunasubiri nini?

MASIKIO, KAMA NILIVYOAHIDI

Fundi wetu ukimwita kwa sauti ya kawaida hageuki. Lazima upaze sauti au umguse bega. Alituambia mwenyewe bila kulalamika: "Nyundo imekula masikio." Kanuni za Kenya za kelele kazini, za mwaka 2005, zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Lakini kanuni zinamsaidia mtu mwenye mwajiri. Aliyejiajiri, nani atamkagua?

Mwanagenzi bado anasikia vizuri. Ukimnong'oneza upande wa pili wa kibanda, anageuka. Basi pendekezo langu la tano ni dogo kuliko yote: tununue vizibo vya masikio na miwani kwa watu saba, siyo watano. Tusivipeleke kama zawadi ya wageni wenye huruma, wala tusimhubirie mtu mzima aliyeanza kazi hii kabla hatujazaliwa. Viwe tu sehemu ya vifaa vya darasa, vya kila mtu anayesimama karibu na fuawe. Mzee akikataa, ni haki yake. Kijana akivaa kwa sababu anaona wanafunzi wote wamevaa, hiyo pekee inatosha kuwa faida ya Jumamosi tatu.

Wengine watasema, "Mbona wao hufanya kazi bila miwani na hawaumii?" Wanaumia. Waulize. Tofauti ni kwamba fundi ana miaka 30 ya kujua gamba litaruka upande gani, na wewe huna hata dakika 30.

Kuna mwenzangu mmoja ambaye amenijibu kwa hoja nzito zaidi. Anasema tukilipa sana tutaharibu bei, na wengine watakaotaka kujifunza watashindwa. Nimeifikiria. Lakini anayetaka uhunzi uwe riziki yake hapitii njia yetu. Yeye anaingia kama mwanagenzi, analipa kwa jasho na miezi. Sisi tunanunua siku tatu za starehe ya kujifunza. Starehe hulipiwa bei yake. Bei tunayoiharibu kweli ni ile ya chini, tunayomzoesha fundi kwamba ujuzi wake ni wa bure na bidhaa ndiyo yenye thamani.

Mpaka ninapoandika haya, wenzangu wawili wamekubali na wawili hawajajibu. Tanuri la gesi limeshaondolewa kwenye orodha. Fuawe ya ng'ambo bado ina mtetezi mmoja, namwomba ausome huu ujumbe mara mbili.

Kwa yeyote kati yenu anayejiandaa kwa darasa kama hili, mahali popote pale: miwani, vizibo, pamba, ngozi, maji. Nukta kwenye ubao kwa wiki mbili. Sumaku kwenye waya. Swali la bei liulizwe mapema na jibu lisikilizwe. Ukifika, msalimie fundi kwanza, msalimie na mwanagenzi, kisha simama pembeni uutazame moto kwa muda kabla hujaomba nyundo.

Haya, nawaacha hapo. Kama kati yenu yupo mtoto au mjukuu wa mhunzi, tafadhali atuandikie alivyolipwa aliyemfundisha babu yake. Ningependa sana kujua.